Holda ya Simu ya Sumaku: Jinsi ya Kuifunga Kwenye Gari Ikakaa

Malalamiko huwa ni yaleyale. Wiki ya kwanza holda ilishika vizuri, ya pili simu ikaanza kuteleza, ya tatu holda yote ikabanduka na kudondoka. Anayelalamika huwa ameshahukumu kwamba sumaku ni dhaifu, na anachotaka ni kutajiwa yenye nguvu zaidi.

Mara nyingi sumaku haina kosa. Kati ya simu na gari kuna maungio manne: simu na kava, kava na kibati cha chuma, kibati na sumaku, kisha kitako cha holda na dashibodi. Moja kati ya hayo ndilo lililoachia. Ukibadilisha sumaku wakati kilichoshindwa ni gundi, utapata sumaku kali zaidi iliyolala chini ya kiti.

Yangu ya kwanza niliifunga kwa dakika mbili, gari likiwa juani na dashibodi iking'aa kwa ile dawa ya kupaka plastiki. Siku ya tatu, saa sita mchana, iliachia kwenye kona na kuviringika na simu yake hadi karibu na pedeli ya breki. Karibu kila kosa nililofanya siku ile lina hatua yake hapa chini.

## Vitu vya kuandaa

- Holda yenyewe pamoja na kila kilichokuja ndani ya boksi: vibati, pete, gundi ya akiba. Usitupe kitu.
- Simu ikiwa na kava unalolitumia kila siku.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 70 au zaidi. Soma chupa, kwa sababu baadhi ya spiriti za kusafishia ngozi huchanganywa na mafuta, na mafuta ndiyo tunayoyakimbia.
- Vitambaa viwili au vitatu safi visivyoacha nyuzi, na maji yenye sabuni kidogo ya vyombo.
- Tepu ya karatasi, ile wanayoitumia mafundi rangi.
- Penseli.
- Kikausha nywele, kama hali ya hewa ni ya baridi.
- Saa 24 ambazo holda haitaguswa. Nazo ni kifaa, na ndicho kinachosahaulika kuliko vyote.

## Hatua ya 1: Jua simu yako itashikwa na nini

Kuna simu zenye pete ya sumaku ndani ya mgongo na kuna zisizo nayo. iPhone nyingi kuanzia toleo la 12, lililotoka mwaka 2020, zinayo kwa jina la MagSafe. Simu za kampuni nyingine zinazofuata Qi2, kiwango cha kuchaji bila waya kwa kutumia sumaku, zinaweza kuwa nayo pia, lakini kuwa macho: baadhi ya zinazotangazwa kuwa tayari kwa Qi2 hazina sumaku mwilini. Sumaku iko kwenye kava linalouzwa pembeni.

Usihangaike na maelezo ya boksi. Vua kava, isogeze simu taratibu kwenye uso wa holda. Ikijivuta yenyewe na kujiweka katikati, pete ipo. Isipovutwa, au ikivutwa kidogo tu upande wa spika, utahitaji kibati au pete ya kubandika, na hatua ya 3 inakuhusu.

Sasa rudisha kava na ujaribu tena. Hapa ndipo wenye simu zenye pete huanguka. Nguvu ya sumaku hupungua kwa kasi kubwa kadiri pengo linavyoongezeka, na milimita mbili za plastiki ni pengo kubwa kwa macho ya sumaku. Simu itashika ukiwa sebuleni, kisha itachomoka kwenye tuta la kwanza. Dawa yake ni kava lenye pete yake lenyewe, si kununua holda nyingine.

Kuhusu zile kilo zilizoandikwa kwenye boksi. Namba hiyo hupimwa kwa kuvuta sumaku moja kwa moja kutoka kwenye chuma kinene. Kwenye gari mambo ni tofauti: simu imesimama wima, na uzito wake unaivuta iteleze kwenda chini. Kinachozuia kuteleza ni msuguano kati ya nyuso mbili zilizobanana, ambao ni sehemu tu ya ile nguvu ya kuvuta. Ndiyo maana holda nzuri ina uso wa mpira, na ndiyo maana simu iliyolazwa nyuma kidogo hukaa kuliko iliyosimama wima kabisa. Simu ya gramu 200 si mzigo kwa sumaku ya neodimi, ile kali inayowekwa kwenye holda hizi. Inakuwa mzigo gari linapoingia kwenye shimo.

Utajua umefaulu: shika holda mkononi, simu na kava vikiwa juu yake, kaa juu ya kitanda, tikisa kwa nguvu juu na chini. Simu isisogee hata kidogo.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali kabla ya kugusa gundi

Ibandike holda kwa tepu ya karatasi tu. Kaa kwenye kiti cha dereva, kiti kikiwa mahali pake pa kawaida, funga mkanda, kisha kagua yafuatayo.

Mifuko ya hewa. Tafuta maandishi AIRBAG au SRS kwenye usukani, kwenye dashibodi mbele ya abiria na kwenye nguzo za pembeni. Usibandike chochote juu ya vifuniko hivyo wala kwenye njia ya mfuko unapofumuka. Mfuko hujaa hewa kwa muda mfupi kuliko kope kupepesa, na holda iliyo juu yake inakuwa jiwe lililorushwa usoni. Hili halina mjadala.

Macho. Simu isizibe barabara, vioo vya pembeni wala mita za mwendo na mafuta zilizo mbele yako. Lakini pia isiwe chini sana. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukiinamisha macho sekunde 2 kutafuta ramani karibu na gia, umeenda mita 44 bila kuona njia. Mimi huchagua mahali ambapo macho yanashuka kidogo tu kutoka barabarani, hata kama dashibodi haitapendeza. Kama unafikiria kioo cha mbele, angalia kwanza sheria ya nchi unayoendeshea, maana kuna zinazokataza kabisa na kuna zinazoruhusu eneo fulani tu.

Mkono. Uifikie simu bila mgongo kuachana na kiti. Zungusha usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, washa indiketa, ingiza gia zote, bonyeza taa za hatari. Kisigongane kitu na kitu.

Jua. Sehemu ya dashibodi iliyo chini kabisa ya kioo cha mbele ndiyo inayoungua kuliko zote. Watu huhofia sumaku kufa kwa joto, lakini neodimi ya kawaida huanza kupoteza nguvu yake kwenye nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Simu na gundi vitakuwa vimelalamika kabla ya hapo. Apple inataka iPhone itumike penye joto lisilozidi nyuzi 35, na isiachwe penye zaidi ya 45. Ukipata sehemu iliyo kwenye kivuli cha kifuniko cha mita za mwendo au karibu na tundu la AC, ichukue.

Sura ya plastiki. Gundi inataka pagumu, bapa na palaini. Pitisha ukucha. Ukikwaruza kama unapita kwenye ngozi ya machungwa, gundi itashika vilele tu na kuacha mabonde. Dashibodi yenye mguso wa mpira, ya ngozi au iliyopinda ni mahali pabaya zaidi. Gari lako likiwa hivyo lote, usilazimishe: tumia holda ya kubana kwenye tundu la hewa, iliyoelezwa baada ya hatua ya 5.

Utajua umefaulu: umekaa dakika tano ukiigiza kuendesha, na mara zote holda haikukukera. Weka alama nne ndogo za tepu kuzunguka kitako, kisha kiondoe.

## Hatua ya 3: Bandika kibati (kama simu haina pete)

Kava ndilo la kubandikwa, si simu. Gundi ya kibati kwenye kioo cha mgongo wa simu hung'ang'ania, na siku ya kukitoa utakuwa unakwangua kioo chenye thamani kuliko holda.

Kuna njia mbili. Kibati kikibandikwa nje ya kava kinagusana na sumaku moja kwa moja, na hapo ndipo nguvu ilipo. Kikiwekwa ndani, kati ya simu na kava, hakionekani, lakini unene wa kava unakula nguvu. Njia ya ndani nitaikubali kwa kava jembamba na kibati kikubwa tu. Kava la silikoni lina shida yake: gundi karibu zote huikataa silikoni, kwa hiyo kibati cha nje kitabanduka hata ufanye nini. Badilisha kava.

Kabla ya kumenya karatasi ya gundi, shikiza kibati kwa tepu na ujaribu mambo matatu.

Kwanza, chaji isiyo na waya. Kibati kizima kikikaa katikati ya mgongo kinaziba koili ya chaji, na chuma kikiwa juu ya koili hupata moto. Kama unaitumia chaji hiyo, chukua pete iliyo wazi katikati iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na uilenge sawasawa na koili. Kama huitumii, endelea.

Pili, kulipa kwa kugusisha simu. Antena yake kwenye simu nyingi iko juu au katikati ya mgongo, na chuma huizima. Jaribu kulipa au kusoma kadi huku kibati kikiwa kimeshikizwa. Ikigoma, kisogeze.

Tatu, uzito. Laza simu na kava juu ya kalamu ya mviringo, isogeze hadi isiinamie upande wowote. Mstari huo ndio kitovu cha uzito wake. Weka kibati hapo, au juu yake kidogo, ili simu ining'inie. Kibati kikiwa chini, simu itainama mbele kila gari linapopiga breki, kama kichwa cha mtu anayesinzia kwenye basi, na kila inapoinama inajibandua ukingo wa juu.

Kimoja cha mwisho: kibati kilichopotea hakifidiwi na chuma chochote ulichookota. Alumini haivutwi na sumaku, na aina nyingi za chuma kisichoshika kutu huvutwa kidogo mno au hazivutwi kabisa.

Safisha kava kwa spiriti, bandika, bonyeza kwa nguvu nusu dakika, liache mpaka kesho.

Utajua umefaulu: ukijaribu kukiinua kibati kwa ukucha, ukingo haufunguki.

## Hatua ya 4: Safisha kama fundi, si kama mgeni

Nitakaa hapa, kwa sababu hapa ndipo holda nyingi hufia.

Dashibodi inayoonekana safi ina tabaka tatu: vumbi, mafuta ya ngozi za watu, na dawa ya kung'arisha. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya. Dawa nyingi za kung'arisha plastiki zina silikoni, iliyotengenezwa ili vumbi na maji visishike. Gundi nayo haitashika. Kama gari lako linaoshwa na watu wanaopaka dawa hiyo bila kuulizwa, chukulia kwamba ipo.

Anza na maji ya sabuni. Futa eneo kubwa kuliko kitako, kausha. Ukianza na spiriti juu ya uchafu, unauyeyusha na kuusambaza tu.

Kisha spiriti. Lowesha kitambaa, usimwage kwenye dashibodi. Futa kuelekea upande mmoja, geuza kitambaa, futa tena. Usizungushe mkono, maana unarudisha ulichokitoa. Endelea na kitambaa kipya hadi kitoke kama kilivyoingia. Pale palipopakwa dawa inaweza kuhitaji mara nne au tano. Kabla ya yote, jaribu spiriti kwenye kona iliyojificha usije ukapausha rangi, na usitumie petroli, tina wala asetoni: huyeyusha plastiki.

Sasa jaribio la dakika moja. Kata kipande cha tepu, kibandike pale ulipopasafisha, kibonyeze, kivute polepole. Kisha fanya hivyohivyo kwenye kioo cha dirisha kilicho safi. Kama kwenye dashibodi kinaachia kwa ulaini kuliko kwenye kioo, tena kinatoka bila hata kunata kidoleni, dawa bado ipo. Rudia kusafisha.

Ukishamaliza, usipaguse. Alama moja ya kidole inatosha kuharibu kona nzima ya gundi.

Joto la kubandikia. 3M, wanaotengeneza gundi za povu za aina hii, wanapendekeza kubandika kati ya nyuzi 21 na 38. Kwenye baridi gundi inakuwa ngumu na haitambai kuingia kwenye vijishimo vya plastiki. Pasha dashibodi na gundi kwa kikausha nywele mpaka viwe vuguvugu. Likiwa jua kali, egesha kivulini na usubiri mpaka uweze kulaza kiganja kwenye dashibodi bila kukiondoa.

## Hatua ya 5: Bandika mara moja, kisha ondoka

Menya karatasi kwa kushika ukingo, bila kugusa gundi. Lenga zile alama nne za tepu. Shusha upande mmoja kwanza, kisha laza kitako chote kama unavyobandika stempu, ili hewa itoke mbele yake. Ukikosea kidogo, kubali. Gundi iliyobandikwa na kubanduliwa imeshachukua vumbi na imeshanyooka. Haina nguvu ileile.

Bonyeza kwa kiganja sekunde 30, kwa uzito wa bega. Shinikizo ndilo linaloifanya gundi ya aina hii ishike. Wengi hubonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama wanaogopa kuiumiza.

Halafu toa kichwa cha holda kama kinatoka, funga mlango, nenda zako.

Kwa gundi ya povu ya akriliki, katika joto la kawaida la chumba, hesabu ya 3M ni hii: karibu asilimia 50 ya nguvu baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, yote baada ya saa 72. Dakika 20 zinadanganya. Utaivuta kidogo, utaona imeshika, utaweka simu. Nusu ya nguvu inatosha gari likiwa limesimama, lakini uzito wa simu utakuwa unaichokonoa gundi kabla haijamaliza kutambaa, na mlango utakaofunguka ukingoni hapo haufungi tena.

Utajua umefaulu: baada ya saa 24, angalia ukingo wa kitako kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Kusiwe na mstari wa mwanga unaopenya popote.

### Kama unabana kwenye tundu la hewa

Hatua ya 4 na 5 hazikuhusu, lakini una masharti yako. Chagua ndoano inayopita nyuma ya ubao wa tundu na kukazwa kwa skrubu. Klipu ya springi hulegea mapema. Iwe na mguu unaoegemea dashibodi, ili uzito usibebwe na ubao peke yake. Bao hizo ni nyembamba na zimeshikwa kwa vijipini vidogo vya plastiki, na simu kubwa inatosha kuvikata. Matundu ya mviringo na bao za wima zina klipu zake. Usilazimishe klipu ya bao za mlalo.

Hewa baridi ikipuliza mgongo wa simu ni neema, hasa unapochaji. Ukiwasha hita, funga tundu hilo au hamisha holda.

## Hatua ya 6: Waya na chaji

Acha waya uwe na ulegevu wa kutosha kugeuza simu pande zote. Waya uliokaza huvuta simu izunguke polepole, nawe utalaumu sumaku. Kichwa cha waya chenye pembe ya herufi L husaidia sana. Pitisha waya pembeni mwa koni ya kati, mbali na gia, usukani na vifuniko vya mifuko ya hewa.

Holda yenye chaji isiyo na waya ni rahisi kutumia lakini ni jiko dogo. Qi2 ilipoanza ilifikisha wati 15, na sehemu ya umeme huo hugeuka joto kwenye mgongo wa simu. Ongeza ramani iliyowashwa, mwangaza wa skrini umepandishwa hadi mwisho na jua la kioo cha mbele, simu itapunguza mwangaza au itaacha kuchaji. Haijaharibika, inajikinga. Kwenye safari ndefu ya mchana natumia waya.

## Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kuiamini

Gari likiwa limesimama, weka na utoe simu mara kumi. Kuitoa kuna namna: shika kitako kwa mkono mmoja, isukume simu kwa kuinamisha ukingo wake au kuizungusha, usiivute moja kwa moja kuja kwako. Kuvuta moja kwa moja ndiko kunakopigana na nguvu yote ya sumaku, na gundi ndiyo inayolipa.

Kisha jaribio ninalolipenda. Bandika kipande cha tepu ya karatasi kwenye uso wa holda karibu na ukingo wa simu, chora mstari wa penseli palepale simu inapoishia. Endesha dakika 20 kwenye barabara mbovu, kwa mwendo wa kawaida, holda ikiwa na simu ya zamani yenye uzito kama wa simu yako, au simu yako yenyewe kukiwa na mtu pembeni wa kuidaka. Simama, angalia mstari. Ikiwa simu imeteleza milimita mbili kwa dakika 20, ujue kwa saa mbili itakuwa wapi.

Weka njia kwenye ramani kabla ya kuondoka, na ukiegesha ondoka na simu.

## Ikianguka, isome ilivyoanguka

Gundi imebaki kwenye kitako, dashibodi ni tupu. Usafi au sura ya plastiki. Rudi hatua ya 4, tumia gundi mpya.

Gundi imebaki kwenye dashibodi, kitako ni kitupu. Ilibandikwa vibaya kiwandani. Safisha kitako kwa spiriti na uweke gundi yako.

Gundi imechanika, nusu huku nusu kule. Hongera, ulibandika vizuri. Tatizo ni shingo ndefu: kadiri simu inavyokuwa mbali na kitako, ndivyo kila shimo linavyoigeuza kuwa mtaimbo. Ifupishe shingo, au chukua holda bapa.

Simu inateleza taratibu. Vumbi kwenye mpira wa holda, kwa kawaida. Futa kwa kitambaa chenye maji, laza holda nyuma kidogo.

Skrini inazima ukiiweka. Simu nyingi zina kihisi kinachotambua kava la kufunika kwa sumaku iliyo kwenye kava hilo. Holda imekidanganya. Sogeza kibati mbali na ukingo.

Mshale wa ramani unageuka ovyo. Dira ya simu husoma uga wa sumaku ya dunia, na wewe umeiweka simu juu ya sumaku iliyo karibu zaidi. Gari likitembea, ramani hutambua uelekeo kwa setilaiti na mshale hutulia. Likisimama kwenye taa, huyumba. Vumilia. Ukishuka na dira bado imechanganyikiwa, zungusha simu hewani kwa umbo la namba 8 mara kadhaa.

## Sumaku na vitu vingine

Picha na faili zako hazitafutika: simu huhifadhi data kwenye chipu, na sumaku ya holda haiwezi kuzifuta. Kadi zenye mstari mweusi wa sumaku ni jambo lingine. Mstari huo unaweza kuharibika, kwa hiyo kava lenye mfuko wa kadi na holda ya sumaku visikutane.

Kamera inaweza kuyumba kidogo simu ikiwa juu ya holda, kwa sababu lenzi ya kuzuia mtikisiko huendeshwa kwa sumaku. Kwenye gari si jambo kubwa. Pikipiki ndiyo hatari: mwaka 2021 Apple ilionya kwamba mtetemo wa injini kubwa unaweza kudhoofisha kamera za iPhone, na hapo kosa ni la mtetemo, hata holda isiwe ya sumaku.

Mwenye kifaa cha moyo kifuani asibebe holda mfuko wa shati wala asiisogeze karibu na kifua. Apple inasema simu zenye sumaku zikae umbali wa zaidi ya sentimita 15 kutoka kwenye kifaa hicho, na zaidi ya 30 zinapochaji bila waya. Daktari wake ndiye wa kumuuliza kuhusu kifaa chake. Holda ikivunjika na vipande vya sumaku vikatoka, vikusanye vyote kabla watoto wadogo hawajavifikia. Mtoto akimeza viwili, vinaweza kuvutana na kubana utumbo katikati, na hiyo ni safari ya hospitali ya dharura.

## Siku ya kuitoa

Usitie bisibisi chini ya kitako. Puliza kwa kikausha nywele dakika mbili tatu, mkono ukiendelea kusogea ili usiunguze plastiki. Chukua uzi wa kusafishia meno au wa kuvulia samaki, uingize nyuma ya kitako, uuvute huku na huku kama msumeno. Povu litakatika na kitako kitabaki mkononi.

Mabaki yasugue kwa kidole gumba mpaka yajikunje kuwa vitonge. Yanayobaki yalainishe kwa kitambaa chenye spiriti, yasubirishe dakika moja, futa. Kama unabandika nyingine palepale, anza upya na maji ya sabuni, maana mafuta ya kidole chako sasa yako pale.